Maiti ya Jiwe Kanisani: Makaburi ya Kale ya Uingereza Yanamwambia Nini Mpita Njia?

Mwezi Oktoba mpwa wangu anayesoma Uingereza alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la familia. Alikuwa amekwenda kutembea Canterbury, akaingia kanisa kuu, akapiga picha ya kaburi moja lililo kama kitanda cha deka. Juu amelala askofu mkuu aliyechongwa, kofia ya kiaskofu kichwani, mavazi yana dhahabu na nyekundu, viganja vimekutana kifuani kwa sala. Chini yake, mahali pa kitanda cha pili, amelala mtu yuleyule akiwa uchi juu ya sanda, mbavu zimetokeza, tumbo limeingia ndani, macho yamefumba. Maiti kabisa.

Kundi likawaka moto. Shangazi yangu wa Songea, Mkatoliki tangu kuzaliwa, akaandika: "Hilo ni kanisa au ni nyumba ya Frimasoni?" Mwingine akauliza kama ile maiti ni ya kweli iliyokaushwa. Binamu akaweka picha nyingine aliyoipata mtandaoni, ya askari wa jiwe aliyepishanisha miguu, chini pana mbwa, naye akatufundisha kwa uhakika mkubwa kwamba miguu ikipishana basi huyo alipigana Vita vya Msalaba. Mpwa wangu, aliyekuwa ametuma picha kwa sababu tu ilimgusa, akanyamaza.

Maswali yale yanastahili majibu, kwa sababu wengi wetu siku hizi tunafika huko kwa masomo au kazi, au tunaziona picha tu simuni, na hakuna anayetueleza tunatazama nini.

Kwanza maneno. Zama za Kati ni kile kipindi kirefu cha Ulaya cha kama miaka elfu moja, kuanzia karibu mwaka 500 hadi karibu 1500. Renesansi ni mwamko ulioanzia Italia katika karne ya 14 na ya 15, wasomi na mafundi waliporudi kwa Wagiriki na Warumi wa kale kujifunza upya vipimo vya mwili wa mtu, nguzo, mashairi na hotuba. Uingereza mwamko huo ulichelewa kufika. Katika makaburi ya makanisani unauona baada ya mwaka 1500. Na ninaposema kumbukumbu hapa, nina maana ya chochote kilichowekwa kanisani kwa ajili ya marehemu: kaburi lililoinuliwa lenye sanamu, bamba la shaba lililolazwa sakafuni, dirisha la vioo vya rangi, au kibao cha ukutani.

Neno la mwisho ni toharani, na hilo ndilo ufunguo wa mlango wote. Kanisa la Zama za Kati lilifundisha, kama Kanisa Katoliki linavyofundisha hadi leo, kwamba mtu akifa katika urafiki na Mungu lakini bado hajatakaswa vya kutosha, roho yake hupitia utakaso kabla ya kuingia mbinguni. Na walio hai wanaweza kumsaidia: kwa sala, kwa sadaka, na zaidi ya yote kwa misa.

Msomaji aliyekulia parokiani hahitaji kuelezwa sana. Novemba ikifika, mwezi wa marehemu, tunaandika majina ya wazee wetu kwenye bahasha za nia ya misa, tunaweka sadaka kidogo, na padri anawaombea. Sasa chukua jambo hilohilo, uliongezee mali ya lodi wa Kiingereza wa mwaka 1400. Huyu hataki jina lake lisomwe Jumapili moja. Anataka lisomwe kila siku mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo anajenga kikanisa kidogo ndani ya kanisa, anaweka altare, anaacha mashamba ambayo mapato yake yatamlipa padri wa kumwombea yeye na mkewe milele. Fundi wa ngozi na mwuza nafaka hawakuwa na mashamba ya kuacha, wakaunda vyama: kila mwanachama anachanga, akifa chama kinamzika kwa heshima na kumlipia misa. Ni vyama vya kufa na kuzikana kama vya kwetu, isipokuwa wao waliendelea kumhudumia mwanachama hata baada ya mazishi.

Ndiyo maana makaburi ya wakati ule yaliwekwa pale watu wanapopita, na ndiyo maana yanazungumza. Mabamba mengi ya shaba yanaanza kwa Kilatini na maneno *Orate pro anima*, yaani "Iombeeni roho ya…", kisha jina. Mengine yanamalizia kwa kusema "ambaye roho yake Mungu airehemu". Lile jiwe na ile shaba ni mkono ulionyooshwa. Marehemu anakuomba kitu, wewe mwenye pumzi, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi tena kujiombea.

Turudi sasa kwenye picha. Yule ni Henry Chichele, Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1414 hadi alipofariki mwaka 1443. Maiti ile ni jiwe, kila ubavu umechongwa kwa patasi. Kinachoshangaza kuliko yote ni kwamba kaburi lilijengwa katikati ya miaka ya 1420, karibu miaka ishirini kabla hajafa. Kwa hiyo mwenye kaburi aliingia kanisani mwake, akasali, akaadhimisha misa, hatua chache tu kutoka kwenye maiti yake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Nimejaribu kuwaza inakuwaje mtu kuishi namna hiyo na sijaweza kufika mbali.

Maandishi yake ya Kilatini yanasema, kwa Kiswahili changu: "Nilizaliwa maskini, kisha nikainuliwa hapa kuwa askofu mkuu, sasa nimelazwa chini, nimeandaliwa kuwa chakula cha funza. Tazama kaburi langu, uone kioo chako." Halafu anamgeukia yeyote apitaye na kumsihi akumbuke kwamba naye atakuwa hivyohivyo. Mahali pengine kwenye kaburi hilohilo maneno yanawasihi watakatifu waungane kumwombea ili Mungu amrehemu. (Kuhusu kuzaliwa maskini, tumpe nafasi ya unyenyekevu: baba yake alikuwa mfanyabiashara katika mji mdogo wa Higham Ferrers, wala hakulala njaa.)

Kwa hiyo shangazi, hapana, hakuna shetani pale. Sanamu ya juu inaonyesha cheo, ya chini inaonyesha kinachobaki cheo kikivuliwa. Ni lile fundisho la Jumatano ya Majivu, "kumbuka, mwanadamu, u mavumbi", limewekwa kwenye jiwe na mtu aliyekuwa na sababu ya kujikumbusha kuliko wengine. Chichele huyohuyo alianzisha chuo Oxford mwaka 1438, chuo ambacho mpaka leo kinaitwa All Souls, yaani Roho Zote, na kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuwaombea waliokufa katika vita virefu vya Uingereza na Ufaransa. Mtu huyu alifikiri juu ya marehemu usiku na mchana.

Wapo wanaosema sanamu za namna hii zilizaliwa na tauni kuu, ile iliyofika Uingereza mwaka 1348 na kuua watu wengi mno. Nadhani ni nusu ya jibu. Tauni iliwazoesha watu kuiona maiti kwa karibu, ni kweli. Lakini kati ya tauni hiyo na kaburi la Chichele imepita zaidi ya miaka sabini. Watu hawasubiri miaka sabini kushtuka. Kilichowasukuma zaidi ni toharani. Askofu aliyechongwa kwa fahari unamstaajabia tu unapita. Maiti iliyokondeana unaionea huruma, na mwenye huruma ndiye anayeomba.

Ushahidi ninaoupenda uko kijijini Ewelme, Oxfordshire. Pale amezikwa Alice, bibi mwenye cheo cha "Duchess" wa Suffolk, aliyefariki mwaka 1475, mjukuu wa mshairi Geoffrey Chaucer. Juu amelala kwa utulivu na taji. Chini ya kaburi, nyuma ya matundu ya mawe yaliyo karibu kabisa na sakafu, imo maiti yake iliyochongwa, na huwezi kuiona vizuri mpaka ulale chini kifudifudi. Dari ya kijumba kile cha chini imepakwa picha za watakatifu, akiwemo Maria Magdalena. Nani aone picha hizo? Mtu aliyesimama haoni. Ni ile maiti tu yenye kuzitazama. Kando ya kanisa, Alice na mumewe walikuwa wameanzisha nyumba ya kuwatunza wazee maskini 13, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuwaombea wafadhili wao. Ile nyumba ipo, na bado wanaishi wazee ndani yake.

Sasa yale ya mbwa na miguu. Mara nyingi mwili haumo ndani ya lile sanduku la jiwe tunaloliona. Umezikwa chini, kwenye udongo au kwenye chumba cha chini ya sakafu. Sanduku ni kama meza ya kuwekea sanamu. Wala usitafute sura halisi ya marehemu. Sanamu nyingi za alabasta, jiwe laini jeupe lililochimbwa sehemu za Derbyshire na Staffordshire, zilichongwa na karakana zilizokuwa na mtindo wao: uso wa bwana ni huu, uso wa bibi ni huu. Kilichokuwa cha mtu binafsi ni ngao ya ukoo na maandishi.

Mbwa chini ya miguu hutafsiriwa kuwa uaminifu, na simba kuwa ushujaa. Huenda. Lakini pia miguu ya sanamu iliyolala inahitaji kitu cha kuegemea, na mchongaji alijua hilo. Na mara nyingine mbwa ni mbwa tu aliyependwa: kwenye bamba la shaba la mwaka 1400 huko Deerhurst, Gloucestershire, mbwa wa bibi mmoja ameandikwa jina lake, Terri, kama mtu wa familia.

Miguu iliyopishana ndiyo hadithi isiyotaka kufa. Pozi lile lilikuwa mtindo wa wachongaji wa Uingereza katika karne ya 13 na 14, linampa askari uhai kana kwamba yu tayari kuinuka. Wapo waliokwenda vitani Yerusalemu na sanamu zao zimenyoosha miguu, na wapo wengi waliopishanisha miguu ambao hawakuwahi kwenda. Mji wa Akka, ngome kubwa ya mwisho ya wapiganaji hao, ulianguka mwaka 1291, na bado miguu iliendelea kupishanishwa kwa miongo mingi baadaye. Binamu anisamehe.

Kuna jambo jingine ambalo picha za leo zinatuficha, nalo ni rangi. Tunapowaza kanisa la kale la Kiingereza tunawaza jiwe la kijivu na kuta nyeupe. Mtu wa mwaka 1450 angeingia humo akadhani pameungua. Kanisa lake lilikuwa limepakwa kila mahali: kuta, nguzo, dari, sanamu. Juu ya tao linalotenganisha waumini na altare palichorwa Hukumu ya Mwisho, Kristo katikati, wafu wakitoka makaburini, waliookoka upande huu, waliopotea wakiburuzwa upande ule. Kumbuka ni wachache mno waliosoma Biblia nyumbani. Hizi picha, pamoja na mahubiri ya padri, ndizo zilizokaa kichwani mwa mkulima akirudi shambani.

Zilikwenda wapi? Zilipakwa chokaa. Hapo tunaingia kwenye Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Waprotestanti walipojitenga na Kanisa Katoliki, na hapo ndipo watu wengi huchanganya, hasa kwa sababu wapo kina Cromwell wawili. Thomas Cromwell alikuwa waziri wa Mfalme Henry VIII, akasimamia kufungwa kwa monasteri kati ya 1536 na 1540, kisha naye akakatwa kichwa mwaka huohuo wa 1540. Oliver Cromwell ni wa karne iliyofuata, kiongozi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafa mwaka 1658. Waongozaji wa watalii humtupia Oliver kila pua iliyovunjika. Uharibifu mkubwa ulikuwa umekwisha fanyika kabla hajazaliwa, ingawa wakati wa vita vyake walikuwepo pia watu kama William Dowsing, aliyepita Suffolk na Cambridgeshire mwaka 1643 na 1644 akivunja madirisha na kung'oa mabamba, na kuandika kila alichovunja katika daftari lake.

Kwa nini kuvunja? Kwa sababu viongozi wa Matengenezo walifundisha kwamba toharani haimo katika Maandiko. Na toharani ikiondoka, kila nilichokieleza hapo juu kinapoteza msingi. Mwaka 1547 sheria ilivifuta vile vikanisa vya kuombea marehemu na vyama vyao, mali ikachukuliwa na serikali. Sanamu za watakatifu ziliitwa vinyago. Na kwenye mabamba ya shaba, ukitazama kwa makini, utaona mara nyingi jina limebaki, tarehe imebaki, ila yale maneno "Iombeeni roho" yamekwanguliwa. Jambo hilo linaniuma kuliko sanamu zilizokatwa vichwa. Marehemu ameachiwa jina, amenyang'anywa ombi.

Malkia Elizabeth I aliona wavunjaji wanavuka mpaka. Mwaka 1560 alitoa tangazo la kukataza kuvunja makaburi makanisani, akieleza kwamba hayo yamewekwa kwa ajili ya kumbukumbu tu, hayakuwekwa ili yaabudiwe. Soma tena sababu aliyoitoa: kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kwa sentensi hiyo kaburi la Kiingereza lilipewa kazi mpya. Haliombi tena. Linasimulia.

Namna mpya ya kusimulia ilikuwa imeshaingia nchini kwa mlango wa kifalme. Fundi Pietro Torrigiano wa Florence, yuleyule aliyemvunja pua Michelangelo katika ugomvi wa ujanani, alipewa kazi mwaka 1512 ya kutengeneza kaburi la Mfalme Henry VII na mkewe Elizabeth huko Westminster Abbey. Wamelala kwa namna ya zamani, ila nyuso ni za watu halisi, na pembeni wamekaa malaika watoto walionona, wa Kiitalia kabisa. Baada ya hapo sanamu zikaanza kubadilika: wakapiga magoti, wakaegemea kiwiko, wakaketi. Chini ya mume na mke wakapangwa watoto, wana upande mmoja na mabinti upande mwingine, na wale waliotangulia kufa mara nyingi wameshika fuvu dogo mkononi.

Badiliko lote hili unaweza kuliona katika familia moja ya mji mdogo wa Stratford-upon-Avon. Mji ule ulikuwa na chama cha aina ile niliyoitaja, na kikanisa chake kilijaa michoro ukutani. Chama kilipofutwa, kikanisa kikawa mali ya mji. Katika hesabu za mji za mwanzoni mwa mwaka 1564 yameandikwa malipo ya shilingi mbili kwa kazi ya kuharibu picha za kikanisani. Mtunza hesabu aliyesimamia aliitwa John Shakespeare. Miezi michache baadaye mkewe alijifungua mtoto, akabatizwa William, huyuhuyu ambaye Mwalimu Nyerere alikuja kuzileta tamthilia zake mbili katika Kiswahili.

William alipofariki mwaka 1616 alizikwa chini ya sakafu ya kanisa la mjini, na kufikia mwaka 1623 ukutani juu yake paliwekwa sanamu yake ya nusu mwili: kalamu mkononi, karatasi juu ya mto, nguo zimetiwa rangi. Baba alisimamia kuzifuta picha, mwana akawekwa kanisani akiwa picha. Maandishi yake ya Kilatini yanamlinganisha na Nestor, Socrates na Virgil, Wagiriki wawili na Mrumi mmoja waliotangulia Ukristo; hiyo ndiyo Renesansi. Halafu yanakuja maneno ya Kiingereza: "Simama, mpita njia, mbona unapita upesi?" Asome ni nani aliyewekwa hapa, yanaendelea, na yanasifu maandishi yake.

Chichele naye alimsimamisha mpita njia. Ila yeye alimnyooshea kioo, akawasihi watakatifu wamwombee. Huyu wa Stratford haombi sala ya mtu. Anataka ujue alikuwa nani.

(Mwaka 1793 sanamu ile ilipakwa rangi nyeupe tupu, kwa sababu msomi mmoja aliamini jiwe la heshima halipaswi kuwa na rangi. Rangi zilirudishwa mwaka 1861.)

Kwetu tumeirithi namna hii ya pili. Ukiingia kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa kwenye soko la watumwa, utaona vibao na dirisha la kuwakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika kuzuia biashara ile. Na huko Westminster Abbey, jiwe la David Livingstone sakafuni linaanza kwa kusema aliletwa na mikono ya waaminifu kuvuka nchi na bahari. Mikono hiyo ilikuwa ya Susi, Chuma na wenzao, walioubeba mwili kutoka kijiji cha Chitambo mpaka Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Majina yao hayamo kwenye jiwe. Kaburi linalosimulia huchagua la kusimulia.

Chokaa nacho kina hadithi yake. Huko Wenhaston, Suffolk, mwaka 1892, mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa waling'oa mbao kuukuu zilizopakwa nyeupe wakazitupa nje uani. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi chokaa kilikuwa kimeoshwa, na kwenye mbao zile ilikuwepo Hukumu ya Mwisho nzima: Kristo, wafu wakiinuka, Mikaeli na mizani. Katikati pameachwa kivuli kitupu cha msalaba, mahali ilipokuwa sanamu ya Yesu iliyong'olewa. Zimerudishwa ndani ya kanisa, na kivuli kile bado kinaonekana.

Haya yote nilimweleza shangazi kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na nilipoyasoma kwa Kiswahili maneno ya lile kaburi la Canterbury, nilidhani hatajibu. Siku mbili hakujibu. Kisha, siku moja kabla ya Sikukuu ya Marehemu Wote, akauliza: "Huyo askofu, jina lake la ubatizo nani?"

Nikamwandikia.

Jioni alituma picha ya bahasha ya nia ya misa. Babu, bibi, wajomba wawili, dada yake aliyefariki akiwa mdogo. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake ule wa kulala: Marehemu Askofu Mkuu Henriki, Canterbury.